Leba sio mwisho jamani, kazi iko kwenye kunyonyesha

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi, mimba ina miezi saba, kapima kliniki kakutwa na VVU na vidonge kapewa siku hiyohiyo. Anauliza kama aombe operesheni alafu mtoto anywe maziwa ya kopo, manake jirani kamwambia titi ndo litamuua mwanae. Nilicheka kwa hasira. Hayohayo na mimi niliambiwa, na wangu kipimo chake cha mwisho cha miezi 18 kimetoka, hana kitu! Naringa na nitaendelea kuringa.

Hesabu kidogo kwanza. Mama mwenye virusi asipopata tiba yoyote, kati ya watoto 100 wanaambukizwa 15 mpaka 45, iwe tumboni, leba au kwenye kunyonya. Akitibiwa vizuri inashuka chini ya 5. Ndo maana hapa Tanzania tangu 2013 mjamzito akikutwa nao anaanzishiwa dawa za maisha bila kusubiri CD4 (hesabu ya seli za kinga mwilini) ishuke kama zamani. Sasa operesheni ya nini kama virusi vimeshafubaa? Kama hakuna sababu nyingine ya uzazi unasukuma kama wenzio.

Mi ni wa Njombe, mkoa wa viazi na baridi, na takwimu za VVU zikitangazwa tupo juu kabisa, kwa hiyo ungedhani watu wameshazoea. Wapi! Mume wangu alipimwa akakutwa hana, akanyamaza siku kadhaa alafu akasema tutalea. Dada zake hawakuambiwa ila walinusa, na wifi mmoja mpaka leo akija kwangu anakuja na kikombe chake kwenye mkoba. Sijasahau.

Mimba na leba naruka, nilijifungua salama na mtoto akaanza nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga asiambukizwe. Kawaida ni wiki sita, ila mama aliyechelewa kuanza vidonge mtoto wake anaongezewa dawa na muda, kwa hiyo huyo dada akiambiwa hivyo asishtuke. Kasheshe yangu ilianzia kwa mama mkwe nilikopelekwa kulelewa uzazi. Nyumba imejaa watu, na kopo la vidonge ukilibeba linalia kama kayamba, mpaka WAVIU mshauri (mwenzetu anayeishi na virusi na anayeshauri wengine) wa pale CTC, kliniki ya dawa za VVU, akanifundisha kushindilia pamba ndani likatulia. Nikawa nameza saa mbili usiku wenyewe wakiwa wamekodolea taarifa ya habari. Wengi wanaachia hapahapa, wanasema nimeshajifungua salama nitarudi CTC mtoto akikua kidogo, na kumbe ukiacha vidonge virusi vinapanda na vinaingia kwenye maziwa yaleyale anayonyonya. Meza, shosti. Ukiwa umechoka meza, ukiwa umenuniwa meza.

Alafu uji. Mtoto kafika miezi mitatu analia usiku, mama mkwe kaja na kikombe cha uji wa ulezi, maziwa yako mepesi hayamshibishi huyu, hapo wifi yule kashakaa mkao wa kusikiliza. Ubaya wa kuchanganya ni kwamba utumbo wa mtoto bado mchanga, vyakula vinaukwaruza na virusi vinapata pa kupenyea. Ningesema hivyo ningekuwa nimejianika. Nikamwambia, "Mama, kliniki wamekataza, titi tupu mpaka miezi sita." Na kweli wanakataza kwa watoto wote, wa mwenye virusi na wa asiye navyo, kwa hiyo huna haja ya kutoa siri yako kujitetea, wewe wasingizie manesi tu. Alininunia lakini uji aliunywa mwenyewe.

Kuna kitu bado kinaniuma. Mtoto alipata homa, tukamkimbiza zahanati fulani ya jirani (siitaji), yule kijana wa maabara akampima kile kipimo cha haraka cha watu wazima na akatangaza mbele ya wifi kwamba mtoto anao. Nililia mpaka sauti ikakauka. Kumbe kipimo kile kinaona kingamwili za mama, yaani askari ambao mwili wake umetengeneza kupigana na virusi, sio virusi vyenyewe, na mtoto anazaliwa nazo hata kama hana kirusi hata kimoja, zinaweza kumkaa mpaka miezi 18. Mtoto mdogo anapimwa kwa tone la kisiginoni linalokaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kubwa, na lake la wiki sita lilishatoka safi, tukarudia likatoka safi tena. Kwa hiyo mtu akikutajia majibu ya mwanao muulize kwanza kapima kwa kipimo gani, hata kama kavaa koti jeupe.

Na nyie mliopima mwanzo wa mimba mkakutwa hamna, mnaosoma hapa kama vile hayawahusu, rudini mpime mimba ikiwa kubwa na mpime tena mkiwa mnanyonyesha. Mama akiupata katikati ya kunyonyesha virusi vinakuwa vingi sana mwilini kwa sababu ni vipya na hakuna dawa inayovizuia, na mtoto anavinyonya mama hana habari. Waume zenu nao wapimwe, wasitumie kadi yako ya kliniki kama majibu yao.