Tofauti ya asilimia 3 kwenye DNA: je, nina spishi mpya ya ndege, na nani atagharamia kuithibitisha?

SWALI

Habari za kazi. Nasoma shahada ya uzamili hapa Morogoro. Kuna ndege mdogo wa msituni, uzito wake gramu 9 hivi, anayeishi Uluguru na pia Nguru. Nilinasa 4 Uluguru na 3 Nguru, nikachukua damu. Jeni ya ND2 inatofautiana kwa asilimia 3.2 kati ya milima hiyo miwili, na wale wa Nguru rangi ya kifua imefifia kidogo. Je, hii ni spishi mpya? Wenzangu wananishauri niombe fedha za kusoma jenomu nzima (DNA yote ya ndege). Nianzie wapi, na nani anafadhili kazi ya namna hii?

— Mwanafunzi, Morogoro

JIBU

Jina la ndege wako umelificha. Si vibaya, wengi hufanya hivyo mpaka makala itoke. Nitatumia mfano wa chozi wa milimani, ndege wadogo wanaofyonza nekta ya maua, kwa kuwa wao wamekwisha kupitishwa njia hiyo katika milima hiyo hiyo.

Kwa ndege 7 na jeni moja, bado huna spishi mpya. Una sababu nzuri ya kuomba fedha, basi. Na fedha hizo zisiende kwanza kwenye jenomu nzima. Ziende kwenye milima ambayo hujafika na kwenye droo za makumbusho.

Anza na kitu kisichogharimu hata senti: hakikisha ND2 yako ni ya mitokondria kweli, yaani vile viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati na vyenye DNA yake. Chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, tofauti na zetu, ila mitokondria yake ni haba. Ndiyo maana tone moja linatoa DNA tele, na ndiyo maana pia PCR ya damu (mbinu ya maabara ya kurudufu DNA) hunasa kwa urahisi nakala za zamani za jeni za mitokondria zilizohamia ndani ya kiini. Ukilinganisha nakala ya namna hiyo na jeni halisi, utaona tofauti kubwa ambayo haina uhusiano wowote na milima. Tafsiri mfuatano wako kuwa protini, na uchague msimbo wa mitokondria wa wanyama wenye uti wa mgongo, yaani jedwali namba 2. Wengi huacha programu ikitumia msimbo wa kawaida. Hapo kila TGA inasomeka kama alama ya kusimama, na mtu anatupa data nzuri bure. ND2 ya ndege huwa na herufi 1,041. Ukikuta alama ya kusimama katikati, herufi zilizopungua, au vilele viwili mahali pamoja kwenye grafu ya mashine, shuku. Rudia kwa jozi nyingine ya praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) inayokamata kipande kirefu zaidi, au tumia kitako cha unyoya badala ya damu.

Tuseme jeni ni halali. Kwa kasi inayotumiwa mara nyingi kwa saitokromu b, jeni nyingine ya mitokondria, karibu asilimia 2.1 kwa kila miaka milioni, asilimia 3.2 inakupeleka kama miaka milioni moja na nusu nyuma. ND2 huenda kasi kidogo zaidi, kwa hiyo ichukue kama makadirio tu. Muda huo unatosha spishi kutengana, na vilevile makundi mengi hukaa muda kama huo bila kutengana kabisa. Namba peke yake haiamui.

Kinachoamua zaidi ni ramani. Umepima ncha mbili bila kupima katikati. Tao la Mashariki lina safu 13 za milima, kuanzia Taita hadi Udzungwa. Ikiwa ndege wa Ukaguru yuko katikati kwa DNA na kwa rangi, ulichokiona ni mteremko wa taratibu kadiri umbali unavyoongezeka. Ikiwa wa Ukaguru ni sawasawa na wa Nguru, na wa Uluguru amebaki peke yake, hapo una hoja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa chozi: Cinnyris loveridgei yuko Uluguru tu, na Cinnyris moreaui anapatikana Nguru, Ukaguru na Udzungwa. Huyu wa pili alidhaniwa kwa muda mrefu kuwa chotara. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2004 na Rauri Bowie na wenzake ulionyesha ana ukoo wake mwenyewe wa mitokondria. Chotara angebeba ukoo wa mama yake. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu walikusanya ndege mlima baada ya mlima. Jeni zilikuwa chache.

Kwa hiyo panga angalau safu 5, ndege 8 hadi 10 kila safu. Ukilazimika kuchagua kati ya ndege 20 wa mlima mmoja na ndege 5 kwa kila mlima katika milima minne, chukua milima minne. Ongeza pia spishi 2 au 3 za karibu kama jamaa wa kulinganisha, pamoja na jamaa yake wa nyanda za chini.

Kabla ya hapo, tafuta majina. Neno "mpya" huwaponza wengi, kwa maana idadi kubwa ya makundi ya milimani yalikwisha kupewa jina kama nususpishi enzi za wakusanyaji Arthur Loveridge na Reginald Moreau. Likiwepo jina la zamani la ndege wa Uluguru, hilo ndilo lenye haki, nawe hutabuni jingine: utapandisha daraja lililopo. Utahitaji kuona holotaipu, kielelezo kile kimoja kinachobeba jina. Kwa ndege wa Afrika Mashariki tafuta makumbusho ya Tring nchini Uingereza na makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, ila usisahau kwamba sehemu kubwa ya mkusanyo wa ndege wa Rothschild pale Tring iliuzwa mwaka 1932 kwa Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani, New York. Waandikie wasimamizi wa mikusanyo. Mara nyingi hukutumia picha ya ndege pamoja na lebo na rula bila malipo.

Sasa msituni. Nyavu za mita 12 zenye tundu la milimita 16 zinatosha kwa ndege wa ukubwa huo. Zikague kila baada ya dakika 20 hadi 30, na mvua ikianza zifunge; ndege wa gramu 9 aliyeloa hufa kwa baridi haraka. Damu isizidi asilimia 1 ya uzito wa mwili. Kwa ndege wako huo ni mpaka wa maikrolita 90, nawe unahitaji 20 hadi 40 tu. Toboa mshipa wa chini ya bawa kwa sindano ya namba 26 au 27, vuta kwa kijiti cha kioo chembamba, kisha bonyeza pamba kwa nusu dakika. Usitumie vijiti vilivyopakwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu huzuia PCR. Tumia vyenye EDTA, ambayo nayo huzuia kuganda, au visivyopakwa kitu.

Hifadhi ndiyo inayoharibu miradi mingi. Ethanoli iwe asilimia 95 au zaidi, kiasi mara 10 ya damu. Spiriti ya dukani yenye rangi haifai, na ya asilimia 70 huacha DNA ikatike vipande. Kama sampuli zitasafiri kwa eropleni, fikiria bafa ya kuyeyushia seli ile iitwayo ya Queen's: inakaa bila friji na haina shida ya kuwaka moto kwenye uwanja wa ndege. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ndani ya kichupa na irudiwe kwa nje. Wino wa kalamu ya kawaida ukikutana na ethanoli unapotea, na sampuli isiyojulikana ilikotoka ni takataka.

Vipimo vyote apime mtu mmoja: bawa kwa rula yenye kizuizi, mdomo na mguu kwa kalipa hadi sehemu ya kumi ya milimita. Watenge makinda na wanaobadilisha manyoya. Kifua "kilichofifia" cha ndege 3 kinaweza kuwa umri au jua tu. Piga picha kwenye kivuli, ndege akiwa pembeni ya kadi ya rangi.

Sauti usiiache, hasa kwa ndege wa msituni wanaotambuana kwa masikio. Rekodi kwa WAV, 48 kHz na biti 24. MP3 hutupa sehemu ya sauti ambayo baadaye hutaipata tena. Rekodi ndege 10 tofauti kila mlima. Ukiweza, fanya jaribio la kurudisha sauti: mpigie dume wa Nguru wimbo wa Nguru, wa Uluguru, na wa spishi nyingine kabisa, kwa siku tofauti, na uandike amekaribia mita ngapi na baada ya sekunde ngapi. Spika moja na betri zinatosha. Ajabu ni kwamba jaribio hili la bei rahisi ndilo linalokaribia zaidi swali la iwapo wangezaana.

Kuhusu jenomu nzima: ni nzuri, ila kwa ndege 50 na bajeti ya mwanafunzi ningechukua UCE, yaani vipande vya DNA vilivyohifadhika karibu sawa kwa wanyama wengi, ambavyo kingo zake hutofautiana. Faida yake kwako ni kwamba hufanya kazi hata kwa kipande kidogo cha ngozi ya chini ya kidole cha kielelezo cha makumbusho cha miaka mingi, kwa hiyo holotaipu yenyewe inaweza kuingia kwenye mti wa ukoo. DNA hiyo imekatikakatika na inachafuka upesi. Ichambuliwe kwenye chumba ambamo damu mbichi haijawahi kuingia. Na programu za kutenganisha spishi kwa DNA hukuonyesha makundi yaliyotengana kijiografia. Ukizisadiki mzimamzima, utakuwa na spishi kwa kila kilima.

Hapo ndipo alama za Joseph Tobias na wenzake wa mwaka 2010, za kupima iwapo makundi mawili ni spishi mbili, zinasaidia, ingawa mpaka wake ni wa kukubaliana tu. Unachukua tofauti ya wastani ukigawa kwa mtawanyiko wa kawaida (standard deviation). Mfano: bawa milimita 58 dhidi ya 60, mtawanyiko 1.2. Jibu ni karibu 1.7, na chochote kati ya 0.2 na 2 hupata alama 1. Kuanzia 2 hadi 5 ni alama 2, 5 hadi 10 ni 3, zaidi ya 10 ni 4. Spishi huhitaji jumla ya 7. Bawa la mfano huu na kifua chako kilichofifia, kwa ukarimu, ni 3. Sauti ndiyo itakayokubeba au kukuangusha.

Je, utahitaji kielelezo kilichokufa? Kumbuka ndege aitwaye tiva wa Bulo Burti, Somalia. Alionekana 1988, akanaswa 1989, akaachiwa huru 1990, na mwaka 1991 akatangazwa kuwa spishi mpya, Laniarius liberatus, kwa msingi wa damu na manyoya yake. Mwaka 2008 DNA ilimweka pamoja na Laniarius erlangeri. Alikuwa ndege wa spishi ile ile mwenye rangi ya nadra. Ndege mmoja hakuweza kuonyesha rangi hubadilika kiasi gani ndani ya kundi lake. Mimi ningeomba kibali cha vielelezo vichache sana pale ambapo ndege ni wengi, na damu pekee pale walipo wachache. Ukifika kubuni jina, taja holotaipu na mkusanyo inapowekwa. Na kama jarida ni la mtandaoni, makala lazima isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama.

Tuje kwenye fedha. Mfuko unaolipia "kutafuta spishi mpya" ni nadra. Andika swali linaloweza kujibiwa hapana: "Je, nyanda kavu kati ya Uluguru na Ukaguru zimezuia mtiririko wa jeni, na je, sauti imebadilika sambamba na DNA?" Mhakiki akisoma hivyo anaona kuwa hata matokeo hasi yatachapishwa. Weka ramani ya sampuli ulizonazo na unazokosa; ile asilimia 3.2 itaje kama matokeo ya awali, pamoja na ukaguzi wa nakala za kiini.

Milango ya kugonga kwanza ni ruzuku ndogo: American Ornithological Society, British Ornithologists' Union, na Systematics Research Fund inayoendeshwa na Linnean Society na Systematics Association. Makumbusho ya New York yana Frank M. Chapman Memorial Fund kwa ornitholojia, pamoja na ruzuku za kwenda kuchunguza mkusanyo wao. Angalia sharti la uanachama kabla ya kuandika. African Bird Club na Rufford hujali uhifadhi. Huko spishi haitoshi, onyesha msitu gani utalindwa vizuri zaidi kwa jibu lako. Fedha kubwa, kama zile za National Science Foundation ya Marekani zilizolipia mradi wa OpenWings wa kuunda mti wa ukoo wa ndege wote, hupitia taasisi za kwao. Utaingia kama mshirika, na mkataba wa kuhamisha sampuli useme waziwazi: uandishi wa pamoja, mafunzo ya maabara, na DNA iliyobaki kurudi Tanzania. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, iko upande wako. Usione haya kuitaja.

Katika bajeti, kosa la kawaida ni kujaza maabara na kusahau gari. Nusu ya fedha itakwenda kwenye usafiri, wasaidizi wa kijijini, walinzi wa msitu na ada za vibali. Weka sampuli 5 za ziada kwa kila 50, maana zitakazoshindwa zipo. Vibali vyenyewe vianze kushughulikiwa mapema, miezi 6 kabla ya safari ukiweza: chuo au COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) kwa wanyamapori, TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa hifadhi za misitu. Kibali cha kutoa sampuli nchini ni kingine kabisa, na nchi inayopokea ina chake cha afya ya mifugo, kwa hofu ya mafua ya ndege na kideri. Spishi yako iangalie pia kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Idadi ya vichupa kwenye kibali ifanane na idadi iliyomo kwenye boksi. Kikizidi kimoja tu, boksi zima hubaki uwanja wa ndege.