Maswali ya wasomaji: programu inadai jina halipo, na jina lipo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kompyuta hapa Lubumbashi. Nimeandika kwa Python programu ya kuhesabia dawa katika depo moja ya Kamalondo, nayo hutumia maktaba ya dnspython kutafutia anwani za seva. Depo ina intaneti mbili, ya waya na ya modemu ya simu, ambayo tunaigeukia waya unapokatika. Nimeipa programu seva tatu za DNS, yaani mfumo unaogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani za namba, kwa mpangilio huu: seva yetu ya ofisini 192.168.1.10, ambayo maswali ya nje huyapeleka kwa mtoa huduma wa waya, kisha seva ya mtoa huduma huyo, kisha 8.8.8.8 ya Google. Kila umeme ukikatika na kurudi, programu hudai kwamba jina ghala.depo.internal halipo. Na tukiwa kwenye modemu, kila jina la nje huchukua sekunde nne hivi, pengine lisipatikane kabisa. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu fundi, anwani zako ni sahihi, kilichokosewa ni maana uliyoipa orodha. Risolva, yaani sehemu inayouliza anwani za majina, iliyomo katika maktaba kama hiyo haitafuti jina yenyewe kuanzia mzizi wa DNS, bali huiuliza seva iliyoonyeshwa na kuamini inachoambiwa. Ya kwanza ikinyamaza au ikikataa, huenda kwa ya pili; lakini ikijibiwa kwamba jina halipo, kwake hilo ni jibu kamili, na huishia hapo. Umeme unaporudi, seva ya ofisini bado inajiwasha na haijibu, swali linafika nje, na huko jina lolote la .internal halijulikani, kwa kuwa mwaka 2024 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, ilitenga mwisho huo kwa ajili ya mitandao ya ndani peke yake. Seva ya nje imekujibu kweli tupu. Aliyeulizwa ndiye asiyehusika.

Kwa hiyo usichanganye katika orodha moja seva zinazojua mambo tofauti. Unda risolva mbili, kila moja kwa configure=False ili isisome /etc/resolv.conf, faili yenye orodha ya seva za DNS, ambayo mara nyingi huandikwa upya muunganisho unapobadilika. Ya kwanza ipewe 192.168.1.10 peke yake na iulizwe majina ya .internal tu, ikikosa jibu, programu isubiri na kurudia, kwa maana kuchelewa dakika moja ni afadhali kuliko kumwambia mwuza dawa kwamba ghala halipo.

Sekunde nne zinahesabika. Dnspython husubiri kila seva sekunde 2, na swali zima huliwekea sekunde 5. Mkiwa kwenye modemu, seva ya ofisini inamngoja mtoa huduma wa waya asiyefikika, na sekunde 2 zinapita, seva ya mtoa huduma nayo, ambayo kwa kawaida huhudumia wateja walio ndani ya mtandao wake tu, inakula 2 nyingine, 8.8.8.8 inabakiwa na sekunde 1, ambayo kwa modemu iliyolemewa haitoshi. Risolva ya pili basi iwe na seva zinazompokea mtu kutoka mtandao wowote, kama 1.1.1.1 na 9.9.9.9, na ya mtoa huduma uiondoe. Iwekee pia LRUCache, yaani ghala la kuhifadhia majibu, kwa sababu dnspython haihifadhi majibu mpaka uiagize, na bila hiyo jina lile lile huulizwa upya kila mara.

Usiharakishe kupunguza muda wa kusubiri. Pima kwanza kwa dig, amri ya kuuliza seva za DNS, ukiwa kwenye modemu, saa ambayo mtandao wa simu umelemewa zaidi. Mwishoni mwa jibu huandika milisekunde zilizotumika. Muda wako uzidi kipimo kibaya kuliko vyote mara tatu au nne. Halafu, jioni depo ikishafungwa, chomoa waya, zima seva ya ofisini na uiwashe tena, na uangalie programu inasema nini katika dakika ile ambayo seva bado haijasimama.