Usiku wa kuamkia nikaha, pilau iacheni kwanza

Harusi ya dada yetu mkubwa tulipika pilau mara mbili. Jioni ya kuamkia nikaha tuliwapikia wageni waliokwisha kufika, kesho yake tukapika ile yenyewe. Kilo nane za nyama zikaondoka usiku ule, na siku ya shughuli saa nne asubuhi mjomba anatumwa soko la Ngamiani, hapa Tanga, na hela ya kukopa. Halafu watu wakala, wakafuta mikono, wakasema pilau ya jana ilikuwa tamu zaidi.

Alipoolewa mdogo wetu, Mfunguo Mosi uliofuata, mwezi unaokuja baada ya Ramadhani, niliomba jiko la jioni ile niachiwe mimi. Wakwe walikuwa wanashuka kutoka Lushoto watu 18. Ukijumlisha ndugu wa Dar, wa Pangani na sisi wa nyumbani, tulifika 40. Mkononi nilikuwa na laki mbili na nusu. Nikapanga wali wa nazi, vibua wa kukaanga, maharage ya nazi, kachumbari na machungwa ya Muheza. Basi.

Shangazi alinivuta pembeni.

"We mwanangu, wakwe unawapa kibua?"

"Shangazi, hawa wanatoka milimani. Nyama wanaila kila siku, na kesho wataila tena. Samaki aliyelala baharini jana, kule hawampati."

"Haya. Yangu macho."

Hesabu yangu ilikuwa hivi: kilo moja ya mchele kwa watu sita, kwa hiyo kilo saba. Nazi mbili kwa kila kilo, nikaongeza za maharage, zikawa 18. Vibua kilo kumi, ili kila mtu apate wake mzima na wabaki wachache kwa wale wanaotokea mlangoni bila kualikwa, maana Tanga hukosi hao. Samaki nilimfuata mwenyewe soko la samaki la Deep Sea alfajiri, vyombo vinaingia. Ukichelewa hadi saa tatu utamkuta yuleyule samaki, ila atakuwa ameshapita mikono mitatu na kila mkono umeongeza chake. Na kama harusi yenu imeangukia wakati wa kusi, upepo mkali, msitegemee bei nafuu. Bahari ikichafuka wengi hawatoki, na siku kama hiyo bora mkapika kuku wachache kwenye mchuzi mwingi kuliko kugombania samaki.

Vibua niliwapaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, nikawakaanga baada ya Adhuhuri. Samaki wa kukaanga anasubiri, hana neno. Tui halisubiri, na hapo ndipo nilipoumia.

Kwa kutaka kuwahi, saa nne asubuhi nilikwisha kuketi kwenye mbuzi. Nikakuna nazi kumi, nikakamua, tui zito kwenye sufuria, nikafunika, nikaliweka kivulini chini ya mwembe. Kwa joto letu lile! Alasiri nafunua mfuniko naona vipovu vidogovidogo pembezoni, juu ute umejitenga na maji. Bibi akachovya kidole, akalamba, akatema. Hakusema kitu, akanitazama tu. Nazi kumi zikamwagwa shimoni, na kijana akapanda baiskeli kufuata nyingine. Kwa hiyo nazi vunjeni mapema mkipenda, lakini kukuna na kukamua kuwe sufuria iko tayari kuingia motoni. Wasichana wanne na mbuzi nne, nusu saa kazi imekwisha. Na vifuu msitupe. Vinawaka kuliko mkaa, na ndivyo tulivyopalia juu ya mfuniko wali ukauke. Mkaa wangu wa gunia ulibaki zaidi ya nusu.

Sahani sikukodi hata moja. Tuliazima masinia kwa majirani, watu watano sinia moja, mikeka ukumbini kwa wanaume na uani kwa wanawake. Sinia la wazee wa upande wa pili lilitangulia, na juu yake nikachagua vibua wanene. Hilo ni dogo lakini msilisahau, mkwe haoni sufuria, anaona sinia lililowekwa mbele yake.

Wenyewe wakwe walishuka na gunia la viazi, karoti na kabichi. Hatukuwa tumewaomba, tuliona haya. Siku hizi nawashauri watu waseme tu mapema, kwa adabu, mgeni anayetoka kwenye mboga aje na mboga. Karoti zile ndizo zilizoingia kwenye kachumbari ya kesho yake, hatukununua tena.

Faida nyingine ya jioni ile sikuipangia. Watu wameshiba, chai ya tangawizi inapita, shangazi akaanza kupanga ya kesho: nani anawapokea msikitini, nani anakaa karibu na walii anayemwoza bibi harusi, bwana harusi anaingiaje kwa mkewe. Alipofika kwenye hela ya mlango, kwamba wanawake watauzuia mpaka kitolewe kitu, kaka wa bwana harusi akauliza, "Na tukikosa chenji?" Uani kukapasuka kicheko. Ila usiku huohuo alitoka kutafuta noti ndogondogo, na kesho mlangoni hapakuwa na mtu wa kukunja uso. Harusi ya dada mkubwa pale mlangoni tulisimama karibu saa nzima.

Hesabu ilifungwa kwa laki mbili na elfu thelathini, na zile nazi za shimoni zimo humo. Nilikuwa naosha masinia mama wa bwana harusi alipokuja jikoni, kanga begani, akasimama karibu na sufuria ya wali, akauliza kwa sauti ya chini kama ukoko umebaki. Shangazi ndiye aliyeinuka kumkwangulia.