Kwa Wanaotaka Kubobea katika Fiziotherapia ya Sakafu ya Nyonga

Hivi karibuni nilipokea ujumbe wa binti mmoja mfiziotherapia, aliyehitimu si zamani na anayefanya kazi katika hospitali ya wilaya, akiniuliza afanye nini ili abobee katika tiba ya sakafu ya nyonga, yaani misuli ya chini ya nyonga inayozuia mkojo na haja kubwa, ilhali mkuu wake amemwambia kwamba hiyo ni kazi ya wakunga na kwamba mfiziotherapia mwenye kuona mbele huchagua michezo au mifupa. Alianza kwa "Shikamoo dada" na akamaliza kwa kuniomba nimjibu faraghani. Nimemjibu. Lakini kwa kuwa maneno aliyoambiwa yeye ndiyo hayohayo niliyowahi kuambiwa mimi, nimeona jibu langu liwafikie na wengine wenye nia kama yake, nanyi mnaosoma hapa najua mmo humohumo.

Nilisomea fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, na nilipohitimu nilipangiwa hospitali moja ya pwani. Kazi yangu katika wodi ya wazazi ilikuwa kuwafundisha wanawake waliojifungua kwa upasuaji namna ya kupumua, kukohoa bila kuumiza mshono na kuchezesha miguu ili damu isigande. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo halikuandikwa katika faili lolote: mama anaambiwa akohoe, naye anabana mapaja kwanza na kuangalia pembeni. Wengine walivaa kanga mbili, ya ndani ikiwa imekunjwa mara kadhaa. Nilimwomba mkuu wa idara anipe alasiri moja kwa juma ili niwaone wanawake hao peke yao, naye akacheka mbele ya wanafunzi waliokuwa mazoezini na kuniita fundi wa mikojo. Jina hilo lilinifuata katika korido za hospitali ile kwa muda mrefu, na wapo waliolitamka kwa mapenzi bila kujua linanichoma. Sitaficha kwamba bado linaniuma. Vilevile sitaficha kwamba leo idara hiyohiyo inaniandikia barua za rufaa, na kwamba kila ninapoipokea moja ninaisoma kwa furaha kubwa.

Kwa wenzangu sihitaji kueleza anatomia kwa urefu. Mnajua kwamba misuli hii imetandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, kwamba inabeba kibofu, mji wa mimba na puru, na kwamba kila kikohozi, chafya au ndoo ya maji inayotwishwa kichwani huisukuma kwenda chini. Mnajua pia kwamba uzazi wa njia ya kawaida huivuta kupita kiasi ambacho msuli mwingine wa mwili ungestahimili, na kwamba msamba ukichanika hadi kwenye msuli wa haja kubwa, mama anaweza kushindwa kuzuia hata hewa. Tulifundishwa haya yote, tukayajibu katika mtihani, kisha wengi wetu hatukumgusa mgonjwa hata mmoja wa aina hiyo hadi tulipovaa kofia za mahafali.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama ningeruhusiwa kutoa mmoja tu ndio huu, ni kwamba utafute chumba chenye mlango. Si pazia. Idara nyingi za fiziotherapia ni ukumbi mmoja mkubwa wenye vitanda vilivyotengwa kwa mapazia, na upande wa pili wa pazia yuko mzee wa kiharusi na mwanawe, kijana aliyevunjika mguu, na mwanafunzi anayehesabu mazoezi kwa sauti. Mwanamke hatasema mahali hapo kwamba mkojo humpita, wala hatasema kwamba tangu ajifungue tendo la ndoa limekuwa mateso. Mimi nilinyimwa chumba, nikaomba tena, nikanyimwa tena, mpaka muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, mama ambaye ninamwombea dua hadi leo, akanipa stoo ya mashuka kila alasiri baada ya kazi za mchana kupungua. Tulisogeza mashuka upande mmoja, tukaweka kitanda kimoja na kitasa. Tangu siku hiyo wagonjwa walianza kusema, na waliposema walileta dada zao na mama zao.

Ushauri wa pili ni kuuliza, na kuuliza kwa lugha ambayo mgonjwa huitumia nyumbani kwake. Ukimuuliza mama kama ana tatizo la kibofu atakujibu hapana, na atakuwa mkweli, kwa sababu kwake kibofu si tatizo. Amezoea kuamini kwamba kulowa ni ada ya uzazi na uzee. Uliza hivi: ukikohoa au ukicheka, huwa unalowa? Njiani kuelekea chooni, mkojo hukuwahi? Umeacha kwenda mahali popote kwa sababu hiyo? Swali hili la mwisho ndilo lililonifungulia macho. Mama mmoja wa makamo, ambaye ameniruhusu nimtaje bila jina, alinijibu kwamba ameacha kwenda tarawehe. Alikuwa akiinuka kutoka sijida anavuja, udhu unatenguka katikati ya sala, anaona haya kupita katikati ya safu ili atoke, na hatimaye akaamua kusalia nyumbani na kuwaambia wenzake kwamba magoti yanamsumbua. Alikuwa ameletwa kwangu kwa ajili ya magoti hayo.

Nilimfundisha kwanza kuitambua misuli yenyewe, kisha kubana na kushikilia, kuachia kabisa na kupumzika, na baadaye kubana sekunde moja kabla ya kukohoa na kabla ya kuinuka. Mbinu hiyo ya kutangulia kubana si yangu. Watafiti wa Michigan nchini Marekani waliichapisha mwaka 1998, wakionyesha kwamba mwanamke anayebana kabla ya kukohoa hupunguza uvujaji ndani ya juma moja tu la kujifunza. Lakini mbinu pekee haijengi nguvu. Nguvu ilihitaji miezi, na mama yule aliivumilia miezi hiyo, akija kwangu kwa vipindi na kufanya mazoezi yake baada ya kila sala ili asisahau. Ramadhani iliyofuata alikuwa msikitini. Nimepata vyeti kadhaa katika maisha yangu ya kazi na hakuna hata kimoja ninachokithamini kuliko habari hiyo.

Kuhusu mashine, ndugu zangu, msidanganyike. Wapo watakaokuambia kwamba huwezi kuanza huduma hii bila vifaa vya umeme vya kuusisimua msuli, na wakubwa wa hospitali hupenda hoja hiyo kwa sababu inawapa nafasi ya kusema bajeti hairuhusu. Mwaka 1999 Kari Bø, mfiziotherapia na mtafiti wa Norway, pamoja na wenzake, walichapisha jaribio lililodumu miezi 6, wakilinganisha mazoezi, umeme, koni za uzito zinazowekwa ukeni, na kutotibiwa kabisa. Mazoezi ndiyo yaliyoshinda, nayo yalikuwa mazoezi yenye msimamizi: wanawake walifanya mibano 8 hadi 12 mara 3 kwa siku nyumbani na kukutana na mfiziotherapia kila wiki. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2018 yalikusanya majaribio 31 yenye wanawake 1,817 kutoka nchi 14, na miongoni mwa wenye kuvuja wakati wa kukohoa au kufanya kazi nzito, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona mwishoni mwa matibabu, dhidi ya asilimia 6 ya wasiopewa. Chapa karatasi hiyo, iweke mezani kwa mkuu wako, na mwambie kwamba gharama yake ni kitanda, glavu na muda wako.

Muda huo ndio watu wanaoukwepa. Mwongozo wa Uingereza unaelekeza angalau miezi 3 ya mazoezi yenye msimamizi, mibano isiyopungua 8 mara 3 kwa siku, kabla ya kufikiria upasuaji. Nchini Ufaransa mama aliyejifungua huandikiwa vipindi vya kurejesha misuli hii, kwa kawaida 10, na bima ya taifa huvilipia. Kwetu mama hupewa maelezo ya dakika chache akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, kisha tunashangaa kwamba hakupona.

Na maelezo ya mdomo hayatoshi. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani ambaye mazoezi haya yanaitwa kwa jina lake, alipoyachapisha mwaka 1948 alikuwa ametengeneza na kifaa cha kupima mgandamizo ili mwanamke aone kwa macho kama anabana ipasavyo. Dunia ililichukua zoezi na kukiacha kipimo. Utafiti wa Bump na wenzake wa mwaka 1991 uliwafundisha wanawake kwa maneno machache tu, na chini kidogo ya nusu ndio waliobana vizuri, huku robo nzima wakisukuma kwa namna inayoweza kuongeza uvujaji badala ya kuupunguza. Kwa hiyo ni lazima ujifunze uchunguzi wa ndani kwa kidole, chini ya mtu anayeujua, na upime nguvu kwa kipimo cha 0 hadi 5 kama tupimavyo misuli mingine. Eleza kila hatua kabla ya kuifanya, omba ridhaa, mpe mgonjwa nafasi ya kuwa na mtu anayemwamini chumbani, na akisema hapana, hapana hiyo iheshimiwe bila kinyongo. Mkono unaweza kuwekwa juu ya msamba kwa nje, na mengi yanajulikana hata hivyo. Nimewaona vijana wenye vyeti vya semina za ughaibuni wasiojua kuomba ridhaa. Hao wataiharibu taaluma hii kabla haijasimama.

Msikurupuke pia kumwambia kila mtu abane. Wapo wanawake ambao misuli yao haikulegea bali imekaza kama kamba ya jahazi kwenye upepo, nao hulia kwa maumivu ya tendo la ndoa, hukosa choo, au hukojoa kwa kukatikakatika. Ukiwapa mibano unawaongezea adhabu. Hao hufundishwa kupumua kwa tumbo, kuachia na kutulia, tena kwa subira kubwa zaidi, hasa ikiwa mwili wao umewahi kuumizwa. Na mwanamke anayevuja mfululizo usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu si wa mazoezi kwanza: mfikirie fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na mpeleke kwa wapasuaji, kama wale wa hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam. Baada ya tundu kuzibwa wapo wanaoendelea kuvuja, na hapo ndipo zamu yetu inaporudi.

Jambo jingine ninalowasihi ni kutowadharau wanawake wanaomlea mzazi katika arobaini yake. Huku kwetu mama hukandwa maji ya moto na kufungwa mkaja, na wafiziotherapia wengi wakisikia hivyo hukunja uso. Mimi niliwafuata wakandaji nyumbani, nikakaa nao mkekani, nikawaeleza kwamba mkaja ukikazwa kupita kiasi tumbo hukosa pa kwenda na mgandamizo hushuka kwenye misuli ambayo bado ina vidonda, hivyo uwe wa kushikilia tu, usiwe wa kubana. Walinisikiliza kwa sababu niliwasalimia kwanza kama wakubwa zangu. Sasa wao ndio wanaoniletea wazazi, na mara nyingi huwaleta mapema kuliko kliniki inavyofanya.

Binti aliyeniandikia aliuliza pia kuhusu wanaume, akiona aibu hata kwenye maandishi. Wanaume wana sakafu ya nyonga, na baada ya upasuaji wa kuondoa tezi dume yenye saratani wengi huvuja kwa wiki au miezi, wakijificha na pampasi ndani ya suruali. Wafundishwe kabla ya upasuaji, wakati bado wanaihisi misuli yao vizuri, na waendelee baada ya mpira wa mkojo kutolewa. Ikiwa wewe ni mwanamke na mzee hataki kukueleza, mtafute mwenzako wa kiume umfundishe unachokijua. Usimwache mzee aondoke bila kitu kwa sababu ya staha ambayo ninyi wawili mngeweza kuipatia njia.

Kwa hiyo msisubiri kuheshimiwa ndipo muanze. Hakuna barua itakayotoka makao makuu kukuomba uanzishe huduma hii, wala mkuu aliyeicheka leo hataamka kesho akiwa ameielewa. Omba chumba chenye mlango. Ukinyimwa, omba kwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Akikosa, omba saa ambayo ofisi ya mtu fulani haitumiki. Uliza kila mama anayekuja kwa mgongo au kwa magoti. Andika majibu yao katika daftari, pima mwanzoni na upime tena baada ya miezi 3, kwa sababu daftari hilo ndilo nililopeleka kwenye kikao cha uongozi, na ndilo lililonipatia chumba changu cha sasa.

Na ukishaanza, popote ulipo, niandikie jina la wilaya yako na siku unazoona wagonjwa. Ninao wanawake wanaopanda basi kabla ya alfajiri ili wanifikie, wengine wakiwa wamejinyima maji tangu jana yake kwa hofu ya kulowa njiani, na ningependa kuwaelekeza kwa mtu aliye karibu nao.