Maswali Yenu: Mkulima kanisafishia njia ya theluji, nimlipe?

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Derbyshire, Uingereza, nafanya kazi ya kea, nazunguka vijijini na gari kuhudumia wazee majumbani kwao. Juzi theluji imeanguka usiku kucha, asubuhi njia ya kwetu haipitiki, nshapiga simu ofisini kwamba shifti leo hakuna, mara akatokea mzee wa watu na trekta lina plau mbele, akaisukuma yote pembeni nikapita. Sikumpa hata mia. Hawa huwa wanalipwa au ni wema tu? Na mume wangu ni kibarua kwenye shamba la ng'ombe, bosi kamwambia theluji ikirudi na yeye atoke na trekta, hiyo ni halali kweli? – Mama Neema

JIBU: Mama Neema pole na baridi. Hela usimpelekee, atakataa na mtaoneana aibu tu. Inategemea ni nani, kaunsili nyingi za huko (yaani serikali za mitaa), Derbyshire na North Yorkshire zikiwemo, zina mikataba na wakulima, wanaitwa theluji ikizidi na wanalipwa kwa kazi. Lakini wengine wanatoka bila kuitwa na mtu, na huyo wako kama anafuga ng'ombe wa maziwa basi ana sababu yake pia, ng'ombe hajui leo kuna theluji, lazima akamuliwe, na tangi la shambani linajaa, lori la maziwa lisipofika yanamwagwa, wakati wa ile baridi kali ya Februari na Machi 2018 waliyoiita Beast from the East kuna waliomwaga kweli. Kwahiyo anajifungulia njia yeye na wewe unapita humo humo, hakuna ubaya.

Watu wanalalamika eti kaunsili imelala. Mi naona wanaionea kidogo. Malori ya chumvi yanaanza na barabara kubwa, za hospitali na za mabasi, vichochoro vya kijijini vinakuja mwisho au haviji kabisa. Halafu chumvi yenyewe inataka magari yapite juu yake ichanganyike, na theluji ikishakuwa ya magoti unaweza kumwaga gunia zima usione kitu, hapo ni kusukuma tu, na mwenye trekta zito na anayejua mtaro uko wapi chini ya weupe wote ule ni mkulima wa hapo hapo.

Suala la halali. Wakulima wanatumia dizeli nyekundu, kodi yake ndogo sana na imetiwa rangi ili wakikukamata nayo kwenye gari la kawaida usiwe na la kusema. Zamani kuitumia kusafishia barabara ilikuwa utata, baridi ya 2010 serikali ikalegeza, na siku hizi trekta la shamba linaruhusiwa kuondoa theluji na kumwaga chumvi kwa dizeli hiyo hiyo. Kwahiyo kwa mafuta mumeo yuko salama.

Mi wasiwasi wangu uko kwenye leseni na bima. Mwenye leseni kamili ya gari ya Uingereza anaruhusiwa na trekta pia, ila kama bado anaendeshea ya nyumbani (hata gari dogo mwisho miezi 12 tangu ahamie) asitoke barabarani mpaka aulize DVLA, ile ofisi ya serikali inayotoa leseni. Na amuulize bosi bima inasemaje kuhusu theluji barabarani, kazi ya ndani ya shamba ni kitu kingine, akigonga ukuta wa mtu huko neno la bosi halitamsaidia, aombe aoneshwe karatasi.

Na wewe ukitaka kumshukuru yule mzee, usiku wa theluji usiache gari kando ya njia. Plau ni pana, njia zenu nyembamba, akikuta gari anageuza, na wote mlioko mbele yake mnabaki ndani.