Maswali yenu ya kuunganishiwa maji, leo twende na haya

Nimejenga Chanika, bado sina hati, nina karatasi ya mauziano tu. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, watanikubalia?

Omba tu ndugu yangu. Chukua karatasi hiyo, kitambulisho, picha, halafu pitia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akuandikie barua kwamba pale ni kwako. Kazi kubwa inakuja kwenye survei maana ndo inayoamua utalipa ngapi, mwenye bomba kuu mlangoni na mwenye bomba la mtaa wa pili hawawezi kulipa sawa hata siku moja. Na kama bomba lazima likatize kwa jirani, nenda kaongee nae kabla surveya hajaja, tena akikubali aandike, watu hubadilika wakishaona mtaro unachimbwa uani kwao.

Kuna kijana kaja na vesti ya kung'aa anasema nimpe laki mbili kesho napata maji. Nimpe?

Usimpe!! Huyo ni kishoka mama, hata kama ana kitambulisho shingoni. Ukishapimiwa unapewa kontroo namba, yaani namba ya kulipia, unalipa benki au kwa simu, risiti unatunza. Hela ya mkononi haina ushahidi, na akikuunganishia kienyeji siku wakikagua laini anayekamatwa ni wewe mwenye nyumba, yeye hata namba yake ya simu haipatikani.

Nimelipia, wiki zinapita, kila nikipiga naambiwa subiri.

Ukishalipa kila kitu ahadi yao ni siku 7 za kazi, we acha kupiga simu, andika barua, nakala wakugongee muhuri. Wakikaa kimya hapo ndo unaenda EWURA, wale wanaosimamia mamlaka za maji, ila ukiruka hatua ya kwanza watakurudisha ulikotoka.

Bili imepanda na sisi tupo wawili tu.

Kabla hujagombana na msoma mita, funga koki zote usiku, tanki likishajaa, kisha nenda na tochi ukaangalie mita. Kale kagurudumu kadogo kakiwa bado kanazunguka basi maji yanavuja upande wako, mara nyingi ni choo au boya la tanki. Kumbuka uniti moja ni lita 1,000, choo kinachochuruzika kinazila vizuri tu wewe umelala. Kakiwa kametulia, piga picha namba za kwenye mita ulinganishe na bili, zisipoendana peleka malalamiko.

Naweza kufunga pampu kwenye laini maana presha ndogo?

Hapana kaka. Unawanyonya majirani, na pale bomba lilipotoboka unavuta na tope la mtaroni. Acha maji yaingie simtank yenyewe, pampu ifunge baada ya tanki. Na mwenye kisima nyumbani asikiunganishe na bomba la mamlaka, kisima kina utaratibu wake, kwa Dar kibali unaomba Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu.