Breki ya nyuma haishiki hata baada ya kukaza nati
Pole ndugu. Umesema pedali inazama na pikipiki haisimami, ingawa umeshakaza nati ya fimbo ya breki. Kama ni breki ya ngoma, kanyaga huku ukiangalia kimshale kilicho kwenye mkono wa breki pale gurudumu la nyuma, unaovutwa na hiyo fimbo. Kikifika alama ya mwisho, shuu (vile vipande vinavyotanuka na kubana ngoma kwa ndani) zimekwisha. Kukaza zaidi hakusaidii, tena ni hatari. Kama hakijafika, fungua gurudumu. Shuu zinaweza kuwa nene bado lakini zimelowa grisi iliyovuja kutoka kwenye beringi. Hizo badilisha tu, usihangaike kuziosha kwa petroli, maana mafuta yameshapenya ndani. Shafti ya kemu, ile inayozunguka kutanua shuu, nayo huwa inakauka na kukwama, basi isafishe, uipake grisi kidogo sana. Kama ni breki ya diski na pedali inabonyea kama sponji, toa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Kabla hujatengeneza, tafadhali usibebe abiria.